Mdogo Wangu, Hesabu Vipimo, Siyo Glasi

Wiki hii nina barua ya binti aliyehamia London kufanya kazi ya uuguzi. Wenzake wa wodini wamemwalika Ijumaa jioni kwenye baa iliyo kando ya Mto Thames, upande wa South Bank, wakanywe kokteli. Ni mara yake ya kwanza. Anataka kujua kama aende, akienda aagize nini, na afanyeje asionekane mshamba wala asijidhalilishe mbele ya watu atakaowakuta kazini Jumatatu. Nimeona nimjibu hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Wapo wa Morogoro na wa Kisumu, wa Unguja na wa Bujumbura, ambao mwaliko kama huo uliwafikia wakaukataa kwa hofu, au wakaukubali wakarudi na majuto.

Nenda, mdogo wangu. Upweke wa ugenini unakula watu kimyakimya, na Uingereza wafanyakazi wengi hufahamiana wakishatoka kazini. Mtu ambaye kwa miezi sita mmeongea habari za wagonjwa tu, akikaa mezani atakuambia ana watoto wangapi na mama yake anaumwa nini. Siku utakapohitaji kubadilishiwa zamu, utajua wa kumwomba. Halafu mahali penyewe panapendeza kweli. Kutoka daraja la Westminster hadi Tower Bridge kuna njia ya miguu inayofuata mto, na njiani unapita Royal Festival Hall, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1951, kisha National Theatre, na ng'ambo unaliona kuba la kanisa la St Paul's. Jioni ya kiangazi watu hujaa mpaka njiani, muziki huku, vicheko kule, mashua zinapita. Ukikaa hapo na wenzako, utaanza kuona kwamba mji huu nawe ni wako.

Ila mwanga wa kule utakudanganya. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea kwamba giza likiingia saa moja, kila mtu anajua ni wakati wa kufikiria kurudi nyumbani. London mwezi wa Juni jua huzama saa tatu usiku na dakika kama ishirini hivi. Utakunywa tangu saa kumi na mbili, utatazama nje utaona bado mchana, na mwili wako utakuambia jioni ndiyo kwanza inaanza, kumbe umeshakaa masaa matatu. Usiamini anga. Tazama saa. Desemba mambo hugeuka: jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na upepo wa mtoni unapenya hata sweta nzito, kwa hiyo chukua koti hata kama halifanani na gauni.

Sasa tuje kwenye kokteli yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka.

Ukiagiza jini au vodka kwa kipimo, sheria ya Uingereza inakulinda. Jini, ramu, vodka na wiski huuzwa kwa kipimo cha mililita 25 au 35, au mara mbili yake na kuendelea, na baa lazima itangaze inatumia kipimo kipi. Lakini kinywaji kilichochanganywa vimiminika vitatu au zaidi hakifungwi na sheria hiyo. Maana yake kokteli karibu zote ziko nje ya ulinzi huo. Anayechanganya ndiye anayeamua kiasi, na wewe unachoonja ni sukari, ndimu, tunda na barafu. Bia inajitangaza kwa uchungu wake, wiski inakuchoma koo ukajua unakunywa nini. Kokteli nzuri imetengenezwa makusudi usisikie kileo. Ndiyo ufundi wake, na ndiyo hatari yake.

Kwa hiyo jifunze hesabu ya yuniti. Yuniti moja ni mililita 10 za kileo kitupu. Ushauri wa kiafya wa Uingereza, kwa wanawake na wanaume sawa, ni kutozidi yuniti 14 kwa wiki kama unakunywa kila wiki, tena zigawanywe kwenye siku tatu au zaidi, si kuzimaliza zote Ijumaa.

Tazama menyu kwa macho hayo. Long Island Iced Tea ina jina la chai, lakini ndani mna vodka, jini, ramu, tekila na likeri ya machungwa. Kwa mapishi yanayotumika sana, kila moja ni mililita 15, na zikijumlishwa ni mililita 75 za pombe kali zilizofunikwa kwa limau, sharubati na kola. Hizo ni yuniti tatu kwenye glasi moja. Espresso Martini, aliyoibuni mhudumu wa baa Dick Bradsell palepale London miaka ya 1980, ina vodka, likeri ya kahawa na kahawa nzito, na mara nyingi inafika yuniti mbili na nusu. Hii naiogopa zaidi kwa sababu kahawa inakuweka macho: umelewa, ila hujisikii mtu aliyelewa. Negroni huja kwenye glasi fupi ya kukudanganya kwamba ni kidogo, nayo ni jini, Campari na vermuti tamu kwa viwango sawa, yuniti mbili na zaidi. Aperol Spritz inakuja kwenye glasi kubwa ya duara, inatisha kwa macho, lakini kwa kawaida haifiki yuniti mbili. Umeona basi kwamba ukubwa wa glasi haukuambii kitu.

Tuseme umekunywa Espresso Martini tatu. Hiyo ni kama yuniti saba na nusu, zaidi ya nusu ya wiki nzima. Mwili huondoa takriban yuniti moja kwa saa, na hauharakishwi na kahawa, wala maji ya baridi, wala kutapika. Ukianza saa kumi na mbili jioni, kileo kitaisha kwenye damu karibu saa nane usiku. Ongeza tatu nyingine, na wewe una zamu Jumamosi saa moja asubuhi, utamwekea mgonjwa dripu huku bado una pombe mwilini. Sitaki ufike hapo. Wala sitaki ujilinganishe na kaka wa idara ya X-ray anayemaliza glasi tano akiwa amesimama wima. Mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji kidogo kuliko wa mwanamume wa uzito uleule, hivyo glasi ileile huacha kileo kingi zaidi kwenye damu yako kuliko yake.

Ukiniuliza uagize nini, nitakuambia uongee na anayechanganya. Wale watu ni mafundi. Baa ya Dandelyan, iliyokuwa ndani ya hoteli palepale ukingoni mwa mto, ilishika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya The World's 50 Best Bars mwaka 2018, na ufundi wa namna hiyo haujaondoka South Bank. Mwambie unapenda kitu chachu au kitamu, na useme wazi kwamba unataka chenye pombe kidogo. Hatakushangaa, anaulizwa hivyo kila siku. Mwulize pia kuna kipimo gani ndani. Unaweza hata kumwomba akutengenezee Dawa, ile inayofahamika kwenye baa na hoteli za Kenya: vodka, ndimu iliyokatwa vipande, asali, sukari na barafu, ikorogwe kwa kijiti. Vitu vyote hivyo anavyo. Wenzako watataka kuonja, na hapo tayari umepata cha kuwasimulia.

Wala usijione umeingia kwenye himaya ya wanaume. Ng'ambo ya mto kutoka hapo kuna hoteli ya Savoy, na American Bar ya hoteli hiyo iliongozwa na mwanamke, Ada Coleman, tangu mwaka 1903. Yeye ndiye aliyebuni Hanky Panky, kokteli ya jini, vermuti na Fernet-Branca ambayo inaagizwa mpaka leo. Miaka zaidi ya mia imepita. Keti kaunta kwa raha zako.

Wewe usiyekunywa, kwa dini au kwa uamuzi wako mwenyewe, au kwa sababu ulimwona baba akiharibikiwa na pombe na ukaapa, nawe nenda. Agiza mokteli na uitaje kwa sauti ya kawaida, bila kuomba radhi. Huna wajibu wa kueleza sababu. Akikusukuma mtu, jibu "leo sinywi" na ubadilishe mazungumzo. Lakini kuna jambo wengi hawalijui, na ndugu zangu Waislamu walishike: matone machungu yanayotiwa kwenye vinywaji vingi, kama Angostura, yana kileo asilimia 44.7. Mhudumu anaweza kukuletea soda na ndimu, akadondoshea matone hayo kwa nia njema kabisa, kwa kuwa kwake ni kiungo tu. Chupa nyingi zinazouzwa kama bia au mvinyo usio na kileo nazo zinaweza kuwa na hadi asilimia 0.5. Sema mapema: hakuna pombe hata tone, wala yale matone machungu. Wenye mzio nao waulize, kwa sababu Mai Tai ina sharubati ya lozi, na kokteli nyingi zenye povu juu zimepigwa ute wa yai bichi.

Mjamzito asiguse kabisa. Huo ndio ushauri rasmi wa huko na ndio wangu. Unayemeza metronidazole, ambayo wengi tunaiita Flagyl, ngoja umalize dozi na siku mbili zaidi. Na kama umeendesha gari kwenda, usinywe. Kiwango cha sheria cha England ni miligramu 80 za kileo kwenye mililita 100 za damu, Scotland ni 50, lakini hakuna mtu anayeweza kukisia kiwango chake mwenyewe akiwa baa. Sifuri ndiyo hesabu pekee unayoweza kuifanya bila kukosea.

Kabla ya kutoka, kula. Kula chakula cha maana, wali na maharage au ugali na samaki, siyo bakuli la karanga utakalolikuta mezani. Chakula kinachelewesha kileo kuingia kwenye damu. Kisha kati ya glasi na glasi kunywa maji. Baa zote zenye leseni England zinatakiwa kukupa maji ya bomba bure ukiomba, kwa hiyo usilazimike kununua chupa kwa aibu.

Kuhusu raundi, nisikilize vizuri. Waingereza wana desturi inayofanana na yetu: mmoja ananunulia meza nzima, kisha mwingine, mpaka kila mtu azungukiwe. Mkiwa sita, desturi hiyo imeshakuamulia glasi sita kabla hujaketi. Tena kokteli moja katikati ya London ni nadra kuipata chini ya pauni 12, na za pauni 15 ni za kawaida. Raundi yako moja ni pauni 90. Kuna mdogo wako nyumbani anasubiri ada. Mwanzoni kabisa, kabla mtu hajasimama, sema kwa tabasamu kwamba leo utajinunulia mwenyewe. Ukisema mapema ni utaratibu wako tu. Ukisubiri mpaka zamu yako ifike ndipo useme, utaonekana umekwepa. Na usiache kadi yako kaunta kwa bili ya pamoja.

Bili ikija, angalia chini. Baa nyingi huongeza asilimia 12.5 ya huduma, hivyo glasi nne za pauni 15 zinakuwa pauni 67 na nusu. Ikiandikwa kwamba ni ya hiari, una haki ya kuomba iondolewe. Mimi kama nimehudumiwa vizuri huiacha, kwa kuwa sheria iliyoanza Oktoba 2024 inawataka waajiri wawape wafanyakazi bakshishi zote, na wengi wanaobeba zile trei ni wahamiaji kama wewe.

Atakuja mwanamume kukununulia kinywaji. Huenda ni mwema, huenda mtaishia kanisani. Pokea kama umependa, kataa kama hujapenda, ila elewa kwamba glasi aliyokununulia haikuachii deni. Hudaiwi namba ya simu, hudaiwi kucheza naye, hudaiwi kurudi naye. Kinywaji kitoke mkononi mwa mhudumu kije mkononi mwako. Ukiondoka kwenda msalani, kimalize, kiache kwa mwenzako unayemwamini au kiache kabisa uagize kingine. Pauni 15 ni nyingi, lakini hazifiki thamani yako.

Ukiona kizunguzungu, ulimi mzito au usingizi usiolingana na ulichokunywa, usitoke nje peke yako kutafuta hewa. Mshike mwenzako, mwambie mhudumu, na hali ikiwa mbaya pigeni namba ya dharura, 999. Ukihisi umewekewa kitu, sema siku hiyohiyo, kwa sababu baadhi ya dawa hutoka mwilini ndani ya saa 12 na kipimo hakitaziona. Na kama mtu anakufanya uogope, nenda kaunta umwulizie "Angela". Mpango huo ulianzia Lincolnshire mwaka 2016 ukaenea nchini. Katika baa zilizojiunga, wahudumu wamefundishwa kwamba anayemwulizia Angela anahitaji msaada; watakutenga na mtu huyo, watakuitia gari, au watamwita polisi. Mhudumu akionekana hakuelewa, sema wazi kwamba unahitaji msaada. Kuwekea mtu kitu kwenye kinywaji ni kosa la jinai, na wewe uliyewekewa huna kosa lolote, haijalishi ulikuwa umevaa nini wala umekunywa ngapi.

Na mto wenyewe uuheshimu. Thames katikati ya London hupanda na kushuka kwa maji ya bahari, tofauti inafika kama mita saba, na mkondo wake una nguvu. Kuna ngazi zinazoshuka hadi mchangani, na maji yakipwa utaona watu wameshuka kupiga picha. Usishuke usiku, na usishuke ukiwa umekunywa. Kituo cha waokoaji wa RNLI kilicho kando ya daraja la Waterloo ndicho chenye shughuli nyingi kuliko vyote vya shirika hilo nchini, na hakikufika hapo bila sababu.

Picha nazo uzifikirie. Simkatazi mtu kupiga picha, na gauni zuri linastahili kuonekana. Lakini picha ya glasi mkononi ikitoka kwenye kundi la wenzako wa kazi itafika kwenye kundi la ukoo kabla hujalala, na shangazi ataanza kumpigia mama yako simu. Waombe wenzako wasiweke sura yako popote kabla hujaiona. Wengi watakuelewa.

Panga kurudi kabla ya kutoka. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi treni za chini ya ardhi za mstari wa Jubilee hupita usiku kucha Waterloo na Southwark. Siku nyingine ya mwisho huondoka karibu na saa sita usiku. Teksi nyeusi yenye taa ya machungwa juu unaweza kuisimamisha barabarani. Gari nyingine yoyote inayokufuata nje ya baa na kujitolea kukubeba bila wewe kuiagiza inavunja sheria, usiipande. Mkienda wawili, mkubaliane kabisa kwamba mtarudi wawili, na kwamba hakuna atakayeachwa kwa sababu amepata mtu wa kuongea naye.

Nimebaki na neno kwa wale ambao Ijumaa siyo shida yao. Nawazungumzia mnaokunywa Jumanne, peke yenu, chumbani, kwa sababu nyumbani ni mbali na zamu zimewachosha, na mnaona glasi moja haitoshi tena. Hesabu yuniti zako za wiki iliyopita kwa ukweli. Kama zimekutisha, au kama umejaribu kupunguza ukashindwa, usione haya. Na kama unakunywa sana kila siku, usiache ghafla bila ushauri wa daktari, maana kukatisha ghafla kunaweza kuleta degedege. Huduma za NHS, yaani huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, za kuwasaidia wenye tatizo la pombe ni bure, na unaweza kufika kupitia daktari wako au kwenda mwenyewe moja kwa moja. Nakusihi, piga simu wiki hii.